Kumtafutia Mbwa Nyumba

Mimi mbwa sikumtaka. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akaniona nalia huko mbele akanidhania ni katika wale wanaolala na mbwa kitanda kimoja. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa katika nyumba ya watu wanaoswali, na mbwa kwetu alikuwa kiumbe wa nje. Akisogea barazani unamrushia kandambili, anaondoka, kesho anapita tena, hakuna kinyongo. Sasa mtu kama mimi nilifikaje kuishi na haski, jibwa la theluji lenye manyoya ya kujaza godoro, tena ghorofani Thorncliffe Park, Toronto, mahali ambapo hata watu hatutoshi?

Sababu ni mume wangu.

Mume wangu alikuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kuingia msibani, waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka, halafu wakamlaumu yeye. Kiwandani kwao, walikokuwa wanatengeneza vipuri vya magari, Wafilipino, Wahindi na Wareno wote walikuwa wamejifunza kusema "mambo" kwa ajili yake. Mwaka elfu mbili na tisa viwanda vya magari vikaanza kuanguka, na chao kikafungwa. Alirudi nyumbani, akavua mabuti, akakaa kwenye kochi na koti lake mwilini. Nikamwambia, "Baba, vua koti." Akalivua. Basi, kwa miezi hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu.

Hakuwa mkali, hakuwa mlevi. Afadhali angekuwa mlevi, ningejua nagombana na nini. Alikula akipewa. Aliswali, lakini kwa kukaa, kama mzee mwenye magoti mabovu. Ukimsemesha anakujibu "ndiyo mama", "hapana mama", macho ukutani. Mimi kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee, natoka alfajiri. Nikirudi nakuta kikombe cha chai kiko palepale nilipokiacha, chai imefanya utando, na mwenyewe yuko palepale. Daktari alimwandikia vidonge, akasema na pia anahitaji sababu ya kutoka nje. Sababu! Nje ni Januari ya Toronto, upepo unakukata masikio, sababu hiyo aiokote wapi? Nilikuwa naogopa, wallahi. Kila nikitia ufunguo mlangoni nilikuwa nasoma dua nisije nikamkuta amekufa. Na yale mawazo mengine, kwamba huenda akajifanyia kitu, nayo yalikuwa yanakuja. Nayafukuza, yanarudi.

Tuna binti mmoja. Alikuwa anamaliza sekondari, na shule za hapa humtaka mwanafunzi afanye kazi ya kujitolea. Wenzake walikwenda maktaba. Wangu akachagua kituo cha mbwa waliotelekezwa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikamwambia mwanangu, kazi zote hizo umeona kwenda kuzoa mavi ya mbwa? Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mbwa hawana mtu. Namsemesha Kiswahili tangu tumboni, yeye Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu hataki.

Jumamosi moja theluji ilianguka vibaya, mabasi yakawa ya kubahatisha. Nikamwambia mume wangu, kwa ukali hasa, anyanyuke akamchukue mtoto wake. Akanyanyuka. Waliporudi nilikuwa jikoni nakaanga samaki, na nikasikia sauti ya kiume nyuma yangu inasema, "Kuna mbwa pale ameugeukia ukuta."

Niligeuka na kijiko cha mafuta mkononi. Ilikuwa miezi sijamsikia kusema jambo ambalo hakuulizwa. Akaendelea kwamba ni haski, jicho moja la buluu na moja la kahawia, kwamba watu walimnunua akiwa mtoto kwa sababu ya hayo macho, alipokua akawashinda, wakamleta kituoni. Wengine wakamchukua, wakamrudisha. Sasa yule mbwa hasimami tena mlangoni pa kizimba kuangalia watu kama wenzake. Anakaa ameelekea ukutani. "Nilimsemesha," akasema, "akageuka." Kesho yake mume wangu alikwenda tena, peke yake, na hakuna aliyemtuma. Na keshokutwa yake. Halafu siku moja akanijia na uso wa mtu anayeposa: "Mama, nataka kumchukua."

Nilicheka. Nilipoona hacheki, nikagomba. Nilisema yote: swala, manyoya, majirani, haya, mama yake marehemu angesemaje. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akageuza macho polepole kuelekea ukutani. Yale macho kugeuka ndiyo yaliyonimaliza. Nikasema moyoni, heri nusu shari kuliko shari kamili. Mlete huyo mbwa.

Nilichora mpaka. Nilibandika utepe wa gundi sakafuni toka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa pili: upande huu mswala wangu, sufuria zangu na mimi, upande ule mbwa na rafiki yake. Jina alilopewa sikulitumia. Mimi nilimwita Mgeni, kwa tumaini kwamba mgeni huondoka. Si wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Basi huyu nilimpa jembe, na jembe lake lilikuwa kumnyanyua mume wangu kwenye kochi. Na alilima, msinione kichekesho, alilima kuliko daktari na vidonge vyake. Alfajiri alikuwa anamwekea mdomo gotini na kumtolea mlio, si kubweka, ni kama mtu anayelalamika bei ya nyama. Halali mtu hapo. Mume wangu alivaa mabuti akashuka naye.

Bila shaka mpaka haukusimama. Siku ya kwanza tu Mgeni alivuka, akatia ulimi kwenye sufuria ya wali na kunipaka mkono mate. Yarabi! Sisi tulifundishwa: alipogusa mbwa na mate yake paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Nikampigia shangazi yangu Tanga anikumbushe vizuri. "Mbwa ndani?" akasema. "Tena ghorofani? Anakojolea wapi?" Alipomaliza kucheka akasema nitafute udongo safi. Udongo safi, Toronto, Januari! Nilishuka na mwiko hadi kwenye bustani ya jengo, nikagonga ardhi, mwiko ukavunjika. Ardhi ilikuwa jiwe. Nikapanda basi hadi duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua mfuko wa udongo wa maua, nikaubeba kifuani kama mtoto. Nikaosha sufuria, nikaosha kanga, nikajisugua mkono. Harufu yake sikuipenda, ila nilidhani ndiyo harufu ya udongo wa huku. Binti yangu akauokota mfuko, akausoma, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Kumbe ule udongo umechanganywa na mavi ya kondoo. Najisi nimeiosha kwa najisi, tena kwa bidii zote. Na mume wangu, mume wangu aliyekuwa hacheki, alicheka siku ile mpaka akashika mbavu, na mimi nikamwangalia pale nikinuka kondoo, nikasema moyoni basi, jibwa hili halitoki humu kamwe.

Hesabu ilikuwa nyepesi, na sikuwa na shaka nayo. Mbwa yupo, nina mume. Mbwa akiondoka, mume wangu anarudi kwenye kochi, na safari hiyo sijui nani atamtoa.

Walikuwa wanashuka bondeni, kule chini ya majengo ambako mto unapita, na kutembea mpaka mume wangu arudi na barafu kwenye sharubu. Lifti hawakupanda, maana kina mama wenye vigari vya watoto walikuwa wakimwona Mgeni wanapiga kelele na kutoka wote. Walitumia ngazi, ghorofa zote zile, na kitambi cha mume wangu kikayeyuka. Akirudi ana habari. Mgeni ameona sungura, Mgeni amevunja barafu akaingia mtoni, kuna mzee wa Kigiriki amesimama kumuuliza Mgeni ni wa ukoo gani. Nilisikiliza habari za mbwa asubuhi na jioni, mimi, binti wa watu wa Tanga, na nilizisikiliza kwa shukrani.

Lakini Mgeni mwenyewe alikuwa anaumia, na mimi nilichelewa kuona kwa sababu sikutaka kuona. Nyumba zetu hita zake haziko mikononi mwetu. Jengo likiwasha joto limewasha, ndani unakaa na fulana huku nje maji yanaganda. Mgeni alikuwa analala chooni kwenye vigae, ulimi nje. Siku moja nilimkuta roshani, amejikunja juu ya theluji, theluji imemfunika mgongo wote, nikaingiwa na huruma. Nikatoa blanketi langu zuri nikamfunika, nikambembeleza aingie ndani. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini na mgeni asiye na adabu. Akalitupa blanketi, akarudi kwenye theluji. Nilidhani ana kiburi.

Tena alikuwa hawezi kuachwa. Mume wangu akienda swala ya Ijumaa, Mgeni alikuwa analia kwa sauti moja ndefu ya kilio cha msiba, jengo zima linaisikia. Alitafuna mlango mpaka kucha zikatoa damu. Jirani wa chini, mama kijana mwenye kichanga, alipanda kuja kuniomba. Hakuja na ugomvi, alikuja na macho mekundu ya kukosa usingizi. Ofisi ya jengo nayo ikaita: mbwa hakatazwi, wakasema, kelele ndizo zinazokatazwa.

Halafu likaja joto la Julai. Lile joto la Toronto watu wa kwetu hawaliamini ukiwasimulia. Ghorofani mwetu hewa ilikuwa imesimama, madirisha wazi, feni inasukuma joto toka huku kwenda kule. Walikuwa wanarudi kutoka bondeni, na katikati ya ngazi Mgeni akaanguka. Mume wangu alimbeba mikononi ghorofa zilizobaki, jibwa zima lile. Aliingia amelowa jasho, mbwa hapumui vizuri, akalilaza bafuni tukalimwagia maji, mimi nikamwaga kwa mikono yangu, mara saba na udongo sikukumbuka wala sikujali. Mgeni alipofumbua lile jicho la buluu nililia.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimpima, akamkagua na ngozi, maana ilikuwa imeanza kutoka vidonda, akasema haski ameumbwa kukimbia baridini, na mwenziwe pembeni, kutwa kucha. Akasema, kwa upole uleule, "Mnampenda, naona. Lakini nyumba ile inamuua." Nilitaka kumziba mdomo. Mume wangu alikuwa amesimama na mkono wake juu ya kichwa cha Mgeni, na nilimwona anavyolimeza lile neno.

Njiani akasema, "Mama, tumtafutie nyumba."

"Nyumba anayo."

"Umemsikia daktari."

"Nimemsikia! Na yule daktari mwingine je, aliyesema wewe upate sababu ya kutoka nje? Huyo hatumsikii?" Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa, basini, watu wanageuka. "Tutanunua mashine ya baridi. Tutamnyoa. Tutahama, tutafute nyumba ya chini. Baba, mimi ndiye sikumtaka huyu mbwa, na mimi ndiye nakwambia asiondoke!"

Tukakaribia kituo chetu. Kisha akasema, "Mimi nimepona kwa mgongo wake. Nikae nimwangalie anakufa?" Niligeukia dirisha.

Kile kituo cha mbwa walitaka tumrudishe, lakini mume wangu akaapa Mgeni haingii tena kizimbani. Nyumba atamtafutia yeye. Na tukamtafutia kama watu wa kwetu wanavyomtafutia mbwa nyumba. Tuliuliza msikitini, tukauliza kwenye harusi, tukawaambia Wakenya ninaofanya nao kazi, na wote walituambia habari moja: mwangalieni fulani, fundi magari, Mtanzania mwenzetu kule Agincourt, ana uwanja. Tulikwenda. Na kweli, uwanja anao, uzio anao, na geti la chuma. Sisi wote watatu tukatazamana, tukashukuru Mungu. Uwanja, uzio, geti: kwa Mswahili mbwa ahitaji nini tena?

Fundi yule hakuwa mtu mbaya, naomba lieleweke. Alimpokea Mgeni kwa furaha, akamjengea kibanda kizuri cha mbao, akamwekea sufuria ya maji. Aliuliza swali moja tu: "Mkali?" Mume wangu akamjibu kwamba ana sauti. Fundi akaridhika. Tulirudi, tukapanda na lifti kwa kuwa mbwa hatuna tena, na mume wangu alipofika hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye kiti cha jikoni. Nikajipa moyo.

Wiki hazikupita nyingi akaniambia hawezi, anakwenda kumwona. Nilimsindikiza. Tulimkuta Mgeni amefungwa mnyororo kando ya rundo la matairi, pale alipofungwa amechimba mviringo kwa kuzunguka, shingo imechubuka, manyoya yote mafuta ya magari. Mbele yake mifupa ya pilau. Alikuwa ameuelekea ukuta wa kibanda. Mume wangu alimwita, hakugeuka. Akamwita tena, akageuka.

Fundi akatoka anafuta mikono, na hata kabla ya salamu kutimia akaanza kulalamika. "Kaka, mbwa gani huyu mliyenipa? Wezi wameingia wakabeba betri zangu, na yeye anawarukia kuwalamba! Ndiyo nikamfunga, nikasema labda akifungwa atapata hasira." Hakuwa anasema uongo. Kwetu mbwa wa kulinda ndivyo anavyofanywa, mchana unamfunga ili awe mkali, na yeye alikuwa anamtunza mbwa kama baba yake alivyomtunza mbwa, na kama baba yangu mimi angefanya angekuwa naye. Hata sisi, tulipomaliza kuliona geti, hatukuuliza kitu. Mume wangu hakumgombeza. Alifungua mnyororo, akamshukuru, akatoka na Mgeni, wakatembea. Dereva wa basi hakumruhusu Mgeni kupanda na yale mafuta ya magari, kwa hiyo walitembea kutoka Agincourt mpaka Thorncliffe, na mimi nyuma yao na viatu vyangu vya kutokea, nalaani kila mtu.

Tuliporudi kwa daktari wa wanyama na ile shingo, yeye ndiye aliyetutajia mwanamke mmoja huko kaskazini, mbali, ng'ambo ya maziwa, anayefuga haski wa kuvuta vigari vya theluji. Mmoja wa mbwa wake alikuwa amekufa kwa uzee. Yule mwanamke alipopigiwa akasema sharti lake ni moja, waje naye wenyewe wanaomtoa, awaone.

Tulikwenda Novemba. Binti yangu alikuwa ameshapata leseni, akaazima gari la rafiki yake, akaendesha. Mume wangu alikaa nyuma na Mgeni, kichwa cha Mgeni pajani. Mimi mbele, na mpaka wangu wa utepe wa gundi nilikuwa nimeshaung'oa zamani. Majengo yakaisha, mashamba yakaisha, tukabaki na misonobari na miamba, na theluji ikaanza, kule ilikuwa imeshatangulia. Tulipokata kona ya mwisho wale mbwa wa mwanamke yule wakasikia gari, wakaanza kulia, wote kwa pamoja. Mgeni akasimama ndani ya gari. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akainua kichwa akatoa ile sauti yake ndefu, ile iliyokuwa inamliza mama wa kichanga, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akajibiwa.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mtu mzima, Mzungu, mikono mipana ya kazi. Alitukaribisha jikoni kwake, akatupa chai, kisha akaanza kumuuliza mume wangu maswali. Analala wapi akijisikia vizuri? Anaogopa nini? Akinyongea unamjuaje? Anapenda kufanya kazi, au kuangalia wenzake wakifanya? Anapoteza hamu ya kula lini? Mume wangu alimjibu yote. Kwa Kiingereza chake cha kiwandani, polepole, kwa kituo, alimweleza yule mbwa wote, habari nyingine hata mimi nilikuwa sizijui. Na mimi kikombe changu nikakirudisha mezani. Tumeishi nchi hii miaka, tumepita uhamiaji, kiwandani, hospitalini, na hakuna hata siku moja mtu aliyeuliza maswali yale juu ya mume wangu.

Walipomwachia uwanjani, Mgeni alikimbia. Sijawahi kuona kitu kinakimbia vile. Alizunguka na wale wenzake, akajitupa theluji, akainuka. Mara moja tu alirudi mpaka kwenye uzio, akamlamba mume wangu kiganja chote, huku na huku, kisha akaenda zake. Mwanamke yule akasema, "Ameshafika kwao." Aliona vema. Hata mimi niliona.

Akatuomba tusije kumwona mapema, asije akachanganyikiwa.

Nyumbani tulifika maghribi inaingia. Nilitandika mswala wangu, nikamwambia mume wangu akatawadhe. Alikuwa amekaa kwenye kochi, ule mkono uliolambwa ameushika kwa mkono wa pili. "Tangulia," akaniambia. Maghribi ikapita. Isha ikapita. Mtu yule hata katika mwaka wake mbaya kuliko yote hakuwahi kuacha swala, akaacha, kwa sababu ili aswali angetakiwa kuosha ule mkono.

Ikawa kama nilivyosema itakuwa. Nilisema, na hakuna utamu wowote katika kusema "nilisema". Kwanza aliacha kushuka chini. Kisha akaacha kukaa jikoni. Kikombe cha chai kikarudi kufanya utando. Kutoka kaskazini zilikuja picha kwenye kompyuta ya binti yetu, Mgeni amefungwa mikanda mbele ya kigari, mdomo wazi, amenenepa, ngozi imepona. Nilimwita mume wangu aje aone. "Mzima?" akauliza. Nikasema mzima. "Alhamdulillahi," akasema, na hakuja.

Nikafikiria Tanga. Nilijiambia, si ndivyo alivyosema yule daktari, kiumbe apelekwe anakofanana nako? Nikampigia simu mdogo wake, nikamweleza kwa kuzungukazunguka kwamba kaka yako hajisikii vizuri, labda arudi akae nyumbani, pale kwa mzee wenu. Halafu akasema, "Shemeji, nyumba ya mzee tulishaiuza. Sisi wenyewe tumepanga. Labda aje kutembea." Akaniuliza kama huku bado simu nzuri ni rahisi. Nikamuaga.

Siku hiyohiyo, alasiri, nje kulikuwa na jua zuri juu ya theluji, jua la kutembea. Nilichukua koti lake, nikaenda nikasimama mbele ya kochi. "Baba, inuka, twende bondeni." Akasema, "Niende kufanya nini, mama?" Nikasema kutembea, watu hutembea. Akasema hana safari. Nikambembeleza, nikamvuta mkono, mkono ukaja, mwenyewe hakuja. Hapo nikapandwa na hasira, hasira ya miaka, nikapiga kelele mpaka binti yangu akafungua mlango wa chumbani. "Basi nikutafutie na wewe nyumba! Si mbwa tumemtafutia akapata? Sema, nikutafutie na wewe!"

Alinigeukia. Nilidhani atakasirika, na ningefurahi, wallahi ningefurahi. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyesikia jambo la maana baada ya muda mrefu.

"Itafute, mama," akasema. "Ukiipata nitakwenda."

Nikabaki nimesimama pale na koti lake mkononi, na sikuwa na mahali pa kumtajia.